Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchelewa kwa misaada ya maafa Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa watu waliokumbwa na mafuriko, maporomoko ya udongo na upepo mkali katika mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu kuanzia Novemba hadi Aprili. Mwandishi amewahi kuhudumu katika kamati ya maafa ya kijiji kimoja cha bondeni na amewahi pia kupanga foleni ya kupokea blanketi, kwa hiyo majibu yanatoka pande zote mbili za meza. Neno "wahanga" limeepukwa kwa makusudi: mhanga ni mtu anayejitoa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejitolea nyumba yake ibebwe na maji. Humu tunasema waathirika.

Maafa yametokea usiku wa kuamkia leo. Kwa nini hadi jioni hatujaona gari lolote la msaada?

Kwa sababu kazi zinazofanyika baada ya maafa ni mbili, nazo haziendi kwa mwendo mmoja. Ya kwanza ni uokoaji, ambao huanza papo hapo na hufanywa kwanza na majirani wenye majembe na sururu, kisha na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo hupigiwa simu namba 114 bila malipo, pamoja na polisi na vikosi vingine. Tarehe 14 Aprili 2024, tope liliposhuka kutoka Mlima Kawetere na kufukia nyumba katika Kata ya Itezi, Jijini Mbeya, kazi ya saa za mwanzo ilikuwa ya aina hiyo, kutafuta watu na kutoa walichoweza kutoa.

Kazi ya pili ni msaada, yaani chakula, turubai, magodoro, ndoo, dawa ya kutibu maji. Huu hauanzi kwa gari, bali kwa namba. Mwenyekiti wa kitongoji anampa mtendaji wa kijiji namba ya kaya zilizoathirika, mtendaji wa kijiji anaipeleka kwa mtendaji wa kata, kata inaipeleka wilayani, wilaya ikizidiwa inaomba mkoani, na mkoa ukizidiwa unaandika kwa Idara ya Menejimenti ya Maafa iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Katika kila meza kati ya hizo kuna mtu anayetakiwa kusaini, na hakuna anayetaka kusaini namba asiyoiamini. Mwananchi anayelalamika kwamba lori limechelewa mara nyingi hajui kwamba siku ya tatu baada ya mafuriko lori halijapangiwa hata safari, kwa kuwa orodha imerudishwa kijijini ikarekebishwe.

Nimeiona orodha ya namna hiyo kwa macho yangu. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye daftari la mistari la mwanafunzi, ikalowana usiku mwenyekiti alipokuwa akihamisha watoto wake, na asubuhi kurasa nne za katikati zilikuwa zimegeuka wingu la bluu. Tulianza upya. Kuanza upya huko kulitugharimu siku mbili, na katika siku hizo mbili barabara ilikuwa inapitika bila shida.

Ni nani hasa mwenye jukumu? Kila ofisi inatuelekeza kwa nyingine.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 2015, imeweka kamati kuanzia ngazi ya taifa, mkoa, wilaya na kata hadi kijiji na mtaa. Kamati ya mkoa huongozwa na Mkuu wa Mkoa, na ya wilaya huongozwa na Mkuu wa Wilaya. Wenye magari, wahandisi, maofisa afya na maofisa ustawi wa jamii ni halmashauri, iliyo chini ya Mkurugenzi Mtendaji. Hapo ndipo mwananchi anapochanganyikiwa, na si kosa lake: anakwenda kwa Mkuu wa Wilaya anaambiwa vifaa viko kwa Mkurugenzi, anakwenda kwa Mkurugenzi anaambiwa kamati haijakaa.

Jibu fupi linalofaa kukumbukwa ni hili. Swali la "tumesajiliwa au hatujasajiliwa" ni la mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Swali la "msaada umeombwa au haujaombwa" ni la ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na swali la "gari, mahema na choo viko wapi" ni la halmashauri. Ukiuliza swali sahihi mezani pasipo pake utajibiwa "njoo kesho", na kesho utajibiwa hivyo hivyo.

Ghala la taifa la chakula liko Makambako, na mahindi yaliyojaa humo ni ya kwetu. Kwa nini hayatoki?

Swali hili huulizwa kwa uchungu zaidi kuliko mengine, na lina haki ya kuulizwa. Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe, Rukwa na Ruvuma ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya mahindi yanayolisha nchi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala yake Makambako, Songea, Sumbawanga na kwingineko. Mkulima aliyeuza magunia yake kwa wakala huo mwezi wa nane, kisha akaona shamba lake likigeuka ziwa mwezi wa tatu, anajiuliza kwa nini akae na njaa umbali wa saa chache kutoka kwenye mahindi aliyoyapima mwenyewe kwenye mzani.

Lakini meneja wa ghala hana mamlaka ya kufungua mlango kwa sababu tu amesikia kuna mafuriko. Chakula cha hifadhi hutoka kwa kibali, kibali hutokana na maombi, na maombi hutokana na tathmini inayosema ni watu wangapi, kwa siku ngapi, wa wapi. Kwa hiyo tumerudi kwenye daftari. Mimi naona utaratibu huu una mantiki kwa njaa inayotokana na ukame, ambayo huja polepole na kumpa kila mtu muda wa kuandika. Kwa maji yanayoingia ndani saa nane za usiku na kuondoka na sufuria, hauna mantiki, na wilaya zilizo jirani na maghala zingepaswa kuwa na kiasi kidogo kilichoidhinishwa mapema kwa ajili ya siku saba za mwanzo.

Nyumba yangu imebomoka na kila mtu kijijini anajua. Kwa nini jina langu halimo kwenye orodha?

Sababu ziko nyingi, na chache kati yake ni za hila. Upendeleo upo, na tutaufikia. Lakini majina mengi hupotea kwa sababu ambazo mtu mwenye nia njema kabisa anaweza kuzisababisha.

Ya kwanza ni kuhesabu nyumba badala ya kaya. Katika nyumba moja ya tofali za kuchoma pembezoni mwa mji kunaweza kuwa na mwenye nyumba na wapangaji wanne, kila mmoja na jiko lake la mkaa. Nyumba ikianguka, orodha inaandika jina moja, la mwenye nyumba, ambaye pengine anaishi mtaa mwingine na hakulowa hata kandambili. Wapangaji wanabaki bila jina na bila mahali pa kulala.

Ya pili ni kuandikisha kwa kuita majina mkutanoni. Aliyekwenda kulala kwa shemeji yake kijiji cha pili hayupo kuitika, na aliyeko wodini na mtoto hayupo pia. Kwa desturi zetu za huku watu hawakai kambini ndugu zao wapo. Hujibana watu kumi na mmoja katika vyumba viwili, na mtathmini anayefika siku ya nne anakuta kambi yenye watu wachache na kuandika kwamba hali si mbaya. Ukarimu wetu unatufuta kwenye hesabu. Kaya iliyopokea watu sita nayo imeathirika, maana debe lake la mahindi linakwisha kwa wiki badala ya kwa wiki tatu, lakini sijawahi kuona fomu yenye safu ya kuiandika kaya hiyo.

Ya tatu ni jina lenyewe. Bibi mmoja katika kijiji chetu aliandikwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama sote tunavyomwita. Kwenye kitambulisho chake ana jina la ubatizo ambalo hata jirani yake halijui. Siku ya mgao jina la kitambulisho halikuonekana, naye akarudi mikono mitupu. Alituambia, "Wanangu, mimi mnanijua nyote, ila karatasi hainijui." Alipata blanketi lake baada ya siku tisa.

Ukikuta jina lako halimo, usisubiri mgao unaofuata. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji ukiwa na majirani wawili ambao majina yao yamo, andika maelezo mafupi yenye tarehe, jina kamili la mkuu wa kaya, idadi ya watu kwa umri, na hali ya nyumba. Omba yapigwe mhuri, nawe ubaki na nakala. Picha ya nyumba iliyopigwa kwa simu siku ile ile ina nguvu kuliko maneno mengi, hasa kama anaonekana mtu mwingine anayefahamika.

Kitambulisho na vyeti vyote vimesombwa. Je, nitanyimwa msaada?

Hupaswi kunyimwa. Utambulisho wa mwenyekiti na wa majirani unatosha kwa chakula na malazi. Hata hivyo toa taarifa ya upotevu polisi mapema, kwa kuwa utaihitaji utakapofuatilia kitambulisho cha taifa NIDA, cheti cha kuzaliwa RITA na laini ya simu, ambayo ndiyo pochi ya watu wengi siku hizi.

Tumeambiwa barabara imekatika. Ni kweli, au ni kisingizio?

Mara nyingine ni kweli kabisa. Udongo wa Rungwe na maeneo yanayouzunguka mlima huo umetokana na majivu ya volkano. Unastawisha ndizi, chai na viazi, lakini ukinywa maji ya wiki tatu mfululizo hulegea na kushuka na barabara yake. Kyela, iliyo chini kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, hupokea maji yote ya mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe, hata kama angani juu ya Kyela kwenyewe hakuna wingu. Kwa upande wa Iringa, wakazi wa Pawaga wanajua kwamba mvua iliyonyesha juu milimani huwafikia wao kupitia Ruaha Mdogo, mara nyingi usiku.

Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, na za wilaya, mijini na vijijini ni za TARURA. Kujua hilo kunasaidia, kwa sababu taarifa ya kalavati lililobomoka ikipelekwa kwa asiyehusika hukaa tu mezani.

Lakini barabara iliyokatika kwa lori la tani kumi haijakatika kwa bodaboda. Vijana wa bodaboda walikuwa wakivusha abiria, soda na hata majeneza pale ambapo sisi tuliambiwa hapapitiki. Mfuko wa kilo 25 wa sembe unafungwa vizuri nyuma ya pikipiki, na kumlipa kijana mafuta ni nafuu kuliko kusubiri greda. Aliyesema hili kwenye kikao cha kamati aliulizwa stakabadhi ya bodaboda itapatikanaje, na kikao kikaahirishwa.

Tulichanga nguo na vyakula kanisani na msikitini, tukafika navyo tukaambiwa tuvikabidhi ofisini kwanza. Je, ni halali?

Ni utaratibu, na una historia yake. Baada ya tetemeko la ardhi lililoipiga Kagera tarehe 10 Septemba 2016, michango ilimiminika kutoka kila upande, na ndani ya wiki chache Rais alitengua uteuzi wa baadhi ya watendaji kufuatia madai kwamba ilifunguliwa akaunti ya benki yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Tangu hapo viongozi wamekuwa waangalifu sana na michango isiyopita mlango unaojulikana. Kuna sababu nyingine pia: vikundi vitatu vikienda vyenyewe, vyote vitaishia kwenye kambi iliyo kando ya lami, na kijiji cha ng'ambo ya mto hakitapata hata chumvi.

Kabidhini, lakini mkabidhi kwa maandishi, mkitaja idadi na si "nguo mbalimbali". Mwombe mwakilishi wenu awepo siku ya kugawa. Na tafadhali, nguo za kubana na viatu vya mguu mmoja mmoja viacheni nyumbani. Kinachokosekana siku zote ni sufuria, taulo za kike, nepi, sabuni na sweta za watoto, kwa kuwa usiku wa Uyole au Makete hauna utani.

Tulichopewa kinatosha? Tutajuaje kama tunapunjwa?

Vipo viwango vya chini vinavyotumiwa na mashirika ya misaada duniani, na kila kamati ya kijiji ingefaa kuvibandika ukutani: maji lita 15 kwa mtu kwa siku, eneo la kulala lisilopungua mita za mraba 3.5 kwa mtu, choo kimoja kwa watu 20 mambo yakishatulia, ingawa siku za mwanzo huvumilika hata watu 50, na chakula chenye nguvu ya kalori 2,100 kwa siku. Kwa nafaka hiyo ni kama gramu 400 kwa mtu, pamoja na maharage na mafuta ya kula.

Tupige hesabu. Kaya ya watu sita hula kilo 2.4 za unga kwa siku, kwa hiyo mfuko wa kilo 25 unakwisha siku ya kumi na moja asubuhi. Ukipewa mfuko huo na kuambiwa mgao mwingine ni mwezi ujao, siku kumi na tisa zilizobaki hazina unga, nawe una haki ya kuuliza zimepangiwa nini. Shule yenye watu 300 waliolala madarasani inahitaji lita 4,500 za maji kila siku na vyoo 15. Matangi yakikauka na vyoo vikiwa vinne, kitakachofuata mafuriko ni kipindupindu, na hicho hakisubiri tathmini.

Serikali itatujengea nyumba au kutulipa fidia?

Fidia kwa maana ya kisheria ni malipo ya ardhi au mali iliyotwaliwa. Msaada wa maafa si fidia, na kiongozi anayeitumia hovyo lugha hiyo jukwaani anawapa watu tumaini ambalo hakuna ofisi iliyo na fungu lake. Mifano miwili inaonyesha jinsi mambo yanavyotofautiana. Kagera, Rais Magufuli alisema wazi Januari 2017 kwamba serikali haitajenga nyumba za watu binafsi, na kwamba fedha zitaelekezwa kwenye shule, hospitali na miundombinu. Hanang, mkoani Manyara, tope liliposhuka Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80, serikali na Chama cha Msalaba Mwekundu walijenga nyumba zaidi ya 100 kwa waliopoteza makazi. Kwa hiyo nyumba ni uamuzi, si haki inayodaiwa mahakamani. Ulizeni mapema uamuzi wenu ni upi, na muulize kwa maandishi.

Kwa nini maafa ya kwingine yanashughulikiwa haraka kuliko yetu?

Kamera hufika haraka kwenye lami, hilo halikatazwi kusemwa. Lakini ipo pia foleni ya kitaifa. Msimu wa 2023/2024, uliochochewa na El Niño, Waziri Mkuu aliliambia Bunge mwishoni mwa Aprili 2024 kwamba watu 155 walikuwa wamefariki na zaidi ya 200,000 kuathirika katika mikoa mbalimbali. Wakati huo Rufiji ilikuwa chini ya maji, na Itezi ilikuwa inachimbua tope. Mahema ni yale yale.

Nikilalamika hadharani nitaonekana mchochezi?

Woga huu ni wa kweli, na watu hunyamaza kwa kuhofia kufutwa kwenye mgao ujao. Njia iliyo salama zaidi ni ya wengi: dai orodha isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji au mtaa na kubandikwa ofisini, pamoja na kiasi kilichopokelewa na kilichogawiwa. Jina la shemeji wa kiongozi lisilo na nyumba iliyoanguka likisomwa mbele ya watu mia mbili, huhitaji kusema neno. Watu watacheka, na kicheko hicho kimewahi kufuta majina saba kwa mchana mmoja. Ukiwa na ushahidi wa kuuzwa kwa misaada au wa kuombwa chochote ili uandikwe, piga TAKUKURU namba 113.

Tufanye nini kabla ya Novemba ijayo?

Sikilizeni Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa angalizo na tahadhari kwa ngazi. Tofauti kati ya maneno hayo mawili si ya mapambo: tahadhari ni nzito kuliko angalizo. Kisha andaeni daftari. Kila kitongoji kiwe na orodha ya kaya, si ya nyumba, iliyoandikwa kwa penseli ili isiyeyuke kwa maji, yenye jina la kitambulisho na jina la kuitwa, idadi ya watoto chini ya miaka mitano, wazee, wajawazito na wenye ulemavu, namba ya simu, na ndugu ambaye kaya hiyo itakimbilia kwake. Irekebishwe mwezi wa kumi kila mwaka. Nakala moja ikae kwa mwenyekiti, ya pili kwa mtendaji wa kata, na ya tatu ifungwe kwenye mfuko wa nailoni na kuwekwa kwa mtu anayeishi juu kilimani, ambaye mto haujawahi kumfikia.